Nilisema Nimesikia

Mwanangu Siwema,

Ukiifungua barua hii utakuwa umeshafika chuoni Songea, au labda utakuwa bado ndani ya basi na umeshindwa kusubiri, maana nakujua. Nimemwomba mama yako aiweke katikati ya nguo zako. Mambo ya nauli, sabuni na shuka amekwisha kukueleza yeye, na miye siyarudii. Nina jambo moja tu, nalo limenikaa kooni tangu mchana.

Umenikasirikia leo pale Kibiti, dukani kwa Kassimu. Nilikuona. Kassimu alikuwa anakueleza habari za simu yako mpya, namna ya kuweka namba ya siri, na kwamba ukikosea ile namba mara kadhaa laini inajifunga na unabaki na kipande cha plastiki mkononi. Wewe ukawa unaitikia tu, "Naelewa, naelewa," huku macho yako yako kwa wale wasichana wawili uliosoma nao, waliosimama mlangoni. Nikakuuliza, "Haya, nieleze na miye. Laini ikijifunga utaifunguaje?" Ukageukia mlangoni. Nikamwambia Kassimu arudie tangu mwanzo. Wenzio wakacheka. Na kwa kuwa baba yako haongei ila kwa kupiga kelele, hata watu wa stendi walitusikia. Tulipofika nyumbani ukamwambia mama yako, "Baba kanifanya mjinga mbele za watu."

Sikutaka kukufanya mjinga, mwanangu. Niliogopa. Ile "naelewa" yako niliitambua, kwa sababu ni yangu.

Nyumbani tuna kichekesho cha "siku baba alipopotelea Mbuchi". Anakisimulia mama yako, anakisimulia mjomba wako, na miye nacheka pamoja nao. Wewe ulikuwa darasa la sita na ulikuwa hoi, kwa hiyo unakijua kama wanavyokijua wengine, kwamba mtandao ulikuwa mbovu na baba akaenda siko. Mtandao haukuwa mbovu. Kaa kitako nikusimulie.

Miaka ile nilikuwa naendesha boti ya tajiri wa kambamiti kule Salale. Biashara ilikuwa imefunguliwa kwa yeyote mwenye mtaji, na kila msimu alikuja mnunuzi mpya kutoka Dar na masanduku yake ya barafu, na sisi wenye kujua mito ya delta tulikuwa watu wa maana. Kutwa nzima nakaa mbele ya mashine inayonguruma. Jioni naizima, lakini kichwani inaendelea kunguruma. Nikadhani ni uchovu. Kisha nikaona kwamba msikitini simsikii imamu nikisimama safu za nyuma. Nikawa nafuata swala kwa kuangalia migongo ya walio mbele yangu, wakiinama nami nainama. Sikumwambia mtu. Mwanamume wa makamo yangu, baba wa watoto, niseme nimekuwa kiziwi? Nilijifunza kutabasamu na kutikisa kichwa, na watu wakiniuliza kitu nasema, "Ndiyo, ndiyo," halafu nasubiri nione mambo yanaelekea wapi.

Ndipo mtandao ukafika Kibiti, na kila aliyepata chochote akanunua simu. Nami nikaenda. Muuzaji wa siku hizo hakuwa Kassimu, alikuwa kijana mmoja mgeni, mchangamfu, shati limenyooka. Akanitolea simu mbili. Moja nene, nyeusi, vibonyezo vikubwa. "Hii mzee inadumu na chaji na sauti yake kubwa," akasema, "wavuvi wanaipenda sana." Nyingine ya kukunja, rangi ya fedha, nyembamba kama kitana, kioo cha rangi, inapiga picha. Ukiifungua inalia kidogo, tii, na watu wanageuka.

Neno "wavuvi" lilinichoma. Nikachukua ile ya kukunja. Kijana akanipigia kutoka pale pale kaunta ili niijaribu. Nikaiweka sikioni, nikasikia kitu kama nzi aliyefungiwa ndani ya chupa. Kijana akaniangalia. "Inasikika, mzee?"

"Safi kabisa," nikasema.

Mama yako aliichukia simu ile tangu siku ya kwanza, lakini aliishika namba yangu kichwani. Akiwa anapepeta mchele utamsikia anaitaja kama anayesoma dua. Nikimwambia kwamba namba inahifadhiwa ndani ya simu, anasema, "Na simu yenyewe inahifadhiwa wapi?" Alikuwa hana simu, ujue. Alikuwa anajiandaa kuazima.

Likizo ile ulikuwa kwa bibi yako Mbuchi, ukimsaidia kuamia ndege kwenye mpunga. Miye niko Salale. Salale nzima mtandao ulishika mahali pamoja tu, juu ya kichanja cha kukaushia dagaa pale gatini, tena usimame upande wa kaskazini. Asubuhi ile nilikuwa juu ya kichanja na wenzangu, nawasikilizisha wimbo nilioununua kuwa mlio wa simu. Ulikuwa umekula salio langu lote, na vocha pale gatini zilikuwa zimekwisha. Ghafla wimbo ukakatika, simu ikaita kweli. Namba siijui. Nikaifungua mbele ya wote, tii, nikaiweka sikioni.

Alikuwa mama yako. Sauti yake niliitambua, maneno ndiyo yalikuwa yanateleza. Anasema haraka, analia au amechoka. Nilishika "Siwema". Nilishika "hali mbaya". Kisha mahali, kisha "mtoto anahitaji" kitu fulani, kisha "njoo sasa hivi, umesikia, Baba Siwema?"

Wenzangu wote wananiangalia. Nilikuwa na nafasi ya kusema, "Rudia, mke wangu, sijasikia." Maneno manne tu.

Nikasema, "Nimesikia. Nakuja."

Simu ikakatika. Ile aliyoazima salio liliishia pale.

Seif, mwenzangu wa botini, akauliza, "Kasemaje?"

"Mtoto mgonjwa," nikasema. "Wako Mbuchi kwa bibi yake. Wanataka dawa."

Nililisema kwa uhakika kabisa, Siwema. Hata miye mwenyewe niliamini. Nilikuwa nimechukua vipande nilivyovipata nikavishona kwa nilichokijua, kwamba wewe uko Mbuchi, na mtoto mgonjwa hutaka dawa. Sikujua kwamba mama yako alikufuata siku ya nyuma yake, kwamba homa ilikupanda mkiwa njiani kurudi, na kwamba alikuwa amekupeleka moja kwa moja hospitali. Alisema Mchukwi, miye nikasikia Mbuchi. Alisema damu, miye nikasikia dawa.

Nikazunguka pale gatini nikatafuta vidonge vya malaria. Duka la kwanza hamna, la pili mwenyewe hayupo, tukamngoja. Muda wote huo wewe umelala umekauka midomo, na damu imekuishia mwilini. Kisha tukaiwasha boti, Seif mbele, miye kwenye mashine, tukaifuata mito kuelekea Mbuchi. Nilikuwa naiendesha kama niliyefukuzwa. Kadiri tulivyokuwa tukienda mbio ndivyo nilivyokuwa nazidi kukukimbia.

Bibi yako tulimkuta shambani, juu ya dungu lake, kombeo mkononi. Aliponiona nakata mpunga badala ya kupita kwenye njia, akasimama.

"Mama, yuko wapi?" nikamuuliza.

"Nani?"

"Siwema."

Akashuka lile dungu kama msichana. "Siwema kaondoka na mama yake jana, mzima, isipokuwa anasema kichwa kinamgonga. Kuna nini?"

Nikamweleza kwamba nimepigiwa simu, mtoto ana hali mbaya, wako hapa. Bibi yako aliniangalia mdomoni, wala hakuniangalia machoni. Akasogea karibu, akaniuliza polepole, kila neno peke yake, "Mkwe wangu. Mama Siwema kasema Mbuchi, au weye umesikia Mbuchi?"

Jibu alilipata yeye mwenyewe. "Mtu akiwa na mgonjwa njia ile atakwenda wapi? Si Mchukwi?" Akashika kichwa kwa mikono miwili. "Mchukwi, mwanangu. Kakwambia Mchukwi."

Nilivyogeuka kukimbia aliniita, lakini nilikuwa nimeshampa lile sikio lisilofanya kazi. Hata leo sijui alisema nini.

Maji yalikuwa yanakupwa. Weye umekulia bara, hujui maana yake vizuri. Mto ulioupita asubuhi bila kufikiri, maji yakikupwa unabaki mfereji, kisha unabaki tope. Seif alinionya. Nikamwambia tutapita njia ya mkato. Tukaingia kati ya mikoko, na kabla hatujafika nusu boti ikakaa. Nikashuka kuisukuma, nikazama mapajani. Nikainama kuiweka bega, na simu, iliyokuwa mfukoni mwa shati ili watu waione, ikachomoka ikaanguka. Niliipapasa kwenye tope mpaka nikaipata. Nilipoifungua maji yalitiririka kutoka kwenye kioo. Ikawaka kidogo, ikazima.

Mle ndani ndimo ilimokuwa namba ile ngeni, ya mtu aliye karibu na kitanda chako. Sikuwa nayo kichwani.

Tulikaa pale kusubiri maji. Mashine imezimwa, hakuna upepo. Nilikuwa nimekaa ukingoni mwa boti na nailoni ya vidonge mkononi, nikiwaza kwamba naweza kufika nikukute umeshafunikwa. Seif akanigusa bega, nikashtuka.

"Nakuita muda wote," akasema.

Sijui ni kwa nini nililisema siku ile wala si siku nyingine. "Sisikii, Seif. Sikio hili limekufa, na hili jingine linalifuata."

Akanitazama kama mtu aliyeambiwa kwamba bahari ina chumvi. "Najua. Salale nzima inajua. Unadhani kwa nini nikitaka kukusemesha nazunguka upande huu?"

Mwanangu, nilitaka kulizamia lile tope. Siri yangu ilikuwa siri kwangu peke yangu. Watu walikuwa wananizunguka, wananipazia sauti, wananisubiri niitikie uongo wangu, halafu wanaufunika kwa heshima. Mtu mmoja tu ndiye ambaye hakuweza kunizungukia upande mzuri, naye ni mama yako, kwa kuwa alikuwa ndani ya simu.

Maji yalirudi jua likiwa limeshapoa. Seif alinipeleka Nyamisati, hapo nikapata gari la samaki mpaka barabara kuu, kisha lori. Dereva wa lori alikuwa msemaji, anauliza hili na lile, na miye kwa mara ya kwanza nikamwambia mtu baki, "Samahani kaka, sisikii vizuri." Hakucheka. Aliongeza sauti tu akaendelea na hadithi yake.

Nilifika Mchukwi watu wametoka swala ya isha. Mama yako alikuwa kwenye benchi nje ya wodi, na tumbo lake, maana mdogo wako Shamte alikuwa njiani. Nilikuwa nimekaukiwa na tope mpaka kifuani. Sikuweza kuuliza kama uko hai. Nilimnyooshea ile nailoni.

Akaifungua, akaangalia ndani. "Ni nini hivi?"

"Dawa."

"Dawa?" Hakupaza sauti, lakini nilimsikia kila herufi, kwa sababu nilikuwa namwangalia mdomoni kama bibi yako alivyoniangalia miye. "Nilisema damu, Baba Siwema. Nilikwambia haiwezi kutolewa kwangu na hali hii, uje weye. Ukaniambia umesikia. Nikaacha kutafuta mtu mwingine kwa sababu uliniambia umesikia."

Hilo ndilo nililotaka ulijue, Siwema. Kichekesho chetu hakina sentensi hiyo. Laiti ningesema sijasikia, angetafuta njia nyingine saa ile ile. Neno langu ndilo lililomkalisha kwenye benchi akingoja mume aliyekuwa anakwenda upande mwingine.

Uliokolewa na Bi Hadija, mama mmoja wa Bungu aliyekuwa akimuuguza mumewe kitanda cha jirani. Simu iliyotumika ilikuwa yake. Alipoona jua linageuka na miye sijatokea, alimwendea muuguzi akanyoosha mkono, akasema wampime, ikifaa wachukue. Ikafaa. Nilipokwenda kumshukuru alikuwa amekaa chini, anakunywa uji, akanitazama kuanzia miguuni.

"Weye ndiye uliyekuwa kwenye simu?"

"Ndiye, dada yangu."

"Nilikuwa nimesimama karibu na mkeo. Nikajisemea, huyu bwana kasikia upesi mno." Akarudia uji wake. Hakutaka kitu. Kesho yake nikatoa damu yangu, ikaenda kwa mgonjwa mwingine nisiyemjua.

Ulipofumbua macho asubuhi uliniuliza kitu, midomo inacheza. Nilikuinamia nikasema, "Baba hajasikia. Sema tena." Ukasema tena. Ulikuwa unataka maji.

Ile simu ya kukunja haikupona. Ilikaa kwenye mchele, ikakaa juani, ikafunguliwa na fundi, basi. Baada ya msimu nilikwenda kwa Kassimu, alikuwa ndiyo kwanza amefungua duka. Dukani mlikuwa na watu. Nikasema mbele yao, "Bwana Kassimu, sikio langu moja limekufa na jingine linaumwa. Nataka simu ya mtu kama miye." Kassimu hakushangaa. Akachukua simu zake, akanikabidhi ya kwanza, akavuka barabara na yake mkononi, akasimama kule kwenye malori, akapiga. "Nitataja vijiji," alikuwa ameniagiza kabla ya kuvuka, "na wewe taja unachosikia kwa sauti." Basi ikawa tamasha. Yeye anataja Muhoro, miye napaza, "Bungu!" Watu wanavunjika mbavu. Simu ya pili, akataja Mkongo, nikasema, "Ikwiriri!" Yule mwenye kucheka sana alikuwa miye mwenyewe. Tukaendelea hivyo mpaka tukafika kwenye ile nene nyeusi, mnayoniuliza siku zote kwa nini siibadilishi. Nikaiweka sikioni, na mtu akasema waziwazi, kama aliyekaa ndani ya kichwa changu, "Mchukwi."

Niliibana ile simu sikioni kwa mikono miwili. Kassimu akadhani sijasikia, akarudia. "Mchukwi, mzee. Mchukwi."

Simu uliyochagua weye ni nyembamba na inapiga picha. Nimeitazama, sina neno nayo. Mahitaji yako si yangu, masikio yako ni mazima. Huko bwenini mtakuwa wengi na soketi za umeme chache, kwa hiyo betri yake ndiyo ningeiangalia kabla ya kioo. Lakini huenda una sababu zako, na sababu zikiwa zako kweli miye nimetosheka. Ninachokuomba ni kwamba usiwe umeichagulia wasichana wa mlangoni. Mvua za huko nasikia ni nyingi, basi itie kwenye nailoni ukitoka, usiiache kwa mchajishaji ukaenda zako, na namba ya siri usimpe mtu hata akikuita dada. Namba ya mama yako na yangu zishike kichwani. Jana nilikujaribu ukazikosea zote mbili, ukacheka. Miye sikucheka.

Huko unakokwenda watakufundisha uwe mwalimu. Siku moja utasimama mbele ya watoto, uwaulize, "Mmeelewa?" nao wataitikia kwa pamoja, "Ndiyooo." Atakuwepo mmoja mle ndani kama sisi wawili. Utamjua kwa jinsi atakavyoitikia upesi. Usimwaibishe kama nilivyokuaibisha leo, hilo nakiri nililifanya vibaya. Mzungukie upande mzuri, kisha mweleze tena.

Jumapili mchana nitakupigia nikiwa pale juu ya kilima nyuma ya shule ya hapa kwetu, ndipo ninaposikia vizuri. Utakuwa na wenzio, na itabidi upige kelele. Watageuka kukuangalia na utaona haya. Piga kelele hivyo hivyo, mwanangu. Useme umefika, umekula, una afya. Nitakwambia, "Sijasikia, sema tena," na utasema tena, na huenda nikakuambia tena. Nakuomba usichoke.

Mungu akufikishe salama na akuweke katika mikono ya watu wema.

Miye baba yako.